Ganda Lililokwama

Jumamosi, saa nne asubuhi, Inspekta Odero aliteremsha sanduku la mbao kutoka kwenye Landrova, akaliweka juu ya kigoda katikati ya ua wa mzee Nehemiah Nyasani huko Nyaramba, kisha akamwambia konstebo wake amfungue mzee pingu mkono mmoja.

"Mmoja tu, afande?" akauliza Konstebo Opondo.

"Mmoja. Upande huo mwingine jifunge wewe."

"Sasa akikimbia?"

"Mtakimbia wote wawili. Yeye ana miaka sitini na tano, wewe una kitambi. Sina wasiwasi."

Nehemiah hakucheka. Alikamatwa Jumamosi iliyopita mlangoni mwa kanisa, akalala seli ya Kisii wiki nzima, na lile koti lake la ibada lilikuwa limekunjamana kama jani la mgomba lililopashwa moto. Alisimama katika ua wake mwenyewe kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Kutoka bondeni nyimbo za Wasabato zilipanda kilima, sauti za wanawake juu, za wanaume chini, na mzee alikuwa akizifuata kwa midomo bila kutoa sauti.

Odero aliangalia saa yake. Mkubwa wake kule Kisii alikuwa amesema neno moja tu: "Jumatatu saa tatu huyo mzee anasomewa shtaka la kuua. Wewe niletee maelezo yake na ile mashine yake ya kujazia risasi, basi." Na mwaka ule wa sabini na tatu hakukuwa na mtoto wa shule asiyejua shtaka la kuua linaishia wapi. Linaishia kwenye kitanzi.

Ilikuwa kazi ya kuandika maelezo, na sheria ilitaka maelezo ya mshukiwa yachukuliwe kwa lugha aliyonyonya. Odero alikuwa mtu wa ziwani. Ekegusii alichokijua kilikuwa salamu na bei ya ndizi. Mkalimani wa korti alikuwa kanisani, karani wa chifu alikuwa kanisani, mlima mzima ulikuwa kanisani. Aliyepatikana ni Jethro Nyangau, naibu wa chifu wa upande ule, Mkatoliki, ambaye Jumamosi yake ilikuwa huru. Alijitolea mwenyewe.

"Lakini nikuambie kabisa, Bwana Inspekta," Jethro alikuwa amesema njiani, "huyu ni baba mkwe wangu. Binti yake Kemuma yuko kwangu mwaka wa kumi na mbili. Kazi hii inaniuma. Ila serikali ni serikali."

Na baada ya hatua chache akaongeza, bila kuulizwa: "Na kwenye ile orodha ya waliogombana na marehemu mimi pia nimo. Kamati ya mipaka ilikuwa ya Okemwa. Kila mwenye shamba alikosana naye."

Odero alimpenda kwa hilo. Mtu anayejitaja mwenyewe huwa hana la kuficha, au anajua sana kuficha.

Sasa Jethro alikuwa ameketi karibu na lango, kofia ya kazi magotini, mgongo ameuelekeza jikoni. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye nyasi za paa la jiko, lakini mama wa nyumba, Bosibori, hakuwa ametokeza hata pua. Uji uliletwa mpaka kizingitini na mkono ukarudi ndani. Mwanzoni Odero alidhani ni hofu ya polisi, mpaka Opondo, aliyekaa Kisii miaka sita, akamnong'oneza: "Ni *chinsoni* hiyo, afande. Mama mkwe na mkwe hawaonani uso kwa uso, hawasemezani. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Naibu akiwa hapa, huyo mama hatoki."

"Hata mumewe akiwa na pingu?"

"Hata akiwa na pingu."

Odero alitandaza leso juu ya nyasi, akapanga vitu vitatu: maganda mawili matupu ya risasi, na risasi moja nzima ambayo haikulia.

Vitu hivyo vilikuwa vimeokotwa wiki mbili nyuma, upande wa Gesima. Siku hiyo ya Jumatano, saa kumi na moja jioni, Okemwa, mkaguzi wa majani chai, alikuwa akirudi kutoka kituo cha kuuzia majani, akiongozana na mchumaji mmoja aitwaye Bochaberi. Mlio ukatoka kwenye kichaka cha miti ya miwati, gome la mti likaruka. Mlio wa pili ukamwangusha Okemwa kifudifudi. Bochaberi akabaki wima njiani na kikapu mgongoni, sauti imemkauka, miguu imeota mizizi. Akasikia chuma kikigongwa. Kikagongwa tena. Akasikia mtu akitukana chini chini. Kisha vishindo vya miguu ikikimbia, basi. Risasi ya tatu ilikuwa yake, nayo ilikwama. Muuaji aliing'oa kwa kisu, akaiacha nyasini.

Alama za maganda zilionyesha bunduki ya kujipakia yenyewe, ile ambayo ukivuta kifyatulio inatema ganda na kumeza risasi nyingine bila mkono wa mtu. Katika daftari la silaha la wilaya, bunduki ya namna hiyo isiyojulikana iliko ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya mlowezi mmoja upande wa Sotik ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Alipouza shamba na kwenda kwao mwaka wa sitini na nne, aliandikisha kwamba imepotea. Na aliyemtunzia bunduki miaka kumi na mitano, akimjazia risasi upya katika maganda yaliyokwisha kupigwa, alikuwa Nehemiah Nyasani. Sanduku la mashine aliachiwa yeye kama zawadi ya kuagana. Tena Okemwa alikuwa amemrudishia Nehemiah majani yake mara tatu mbele ya watu, na mzee alikuwa amesema, "Mungu anakuona." Dukani risasi hazipatikani bila karatasi ya serikali, mwenye bunduki ile hana budi kujaza mwenyewe. Kwa mkubwa wa Kisii hapo mambo yalikuwa yamekwisha.

Kwa Odero hayakwisha. Kulikuwa na kitu ndani ya sanduku kilichomkera kama kijiti kwenye jino.

"Mwambie," akamwambia Jethro, "aitazame risasi hii nzima, aseme kama ni kazi yake."

Jethro akasema kwa Ekegusii. Nehemiah akainama, na Opondo akalazimika kuinama naye. Mzee aliishika risasi kwa vidole viwili, akaigeuza juani, akaisogeza mbali kidogo kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuzeeka. Akasema maneno machache.

"Anasema si yake," Jethro akatafsiri.

"Angesema ni yake ningeshangaa. Aseme kwa nini."

Mzee akazungumza sasa, polepole, kama fundi anayemwonyesha mwanafunzi kazi mbovu ya fundi mwingine. Jethro alimfuata kwa haki, sentensi kwa sentensi.

"Anasema kichwa chake ni butu, tena ni cha madini laini ya risasi. Tazama kilivyobonyea upande. Anasema bunduki ya kujipakia haina subira, inatupa risasi ndani kama mtu anayetupa ndizi garini. Kichwa butu kinagonga ukingo, kinasimama. Kwa bunduki ile walichagua kila siku kichwa kilichochongoka, kimevishwa shaba mpaka juu. Hiki butu kilikuwa cha bunduki nyingine ya Bwana, ya komeo, ile unayoivuta na kuisukuma kwa mkono. Mkono una akili, unahisi kizuizi, unarudi nyuma."

"Bwana alikuwa na mbili?"

"Mbili. Zote za kipimo kimoja."

"Kwa hiyo maganda ni yale yale?"

"Maganda ni yale yale. Kujaza ndiko tofauti."

Odero akafungua sanduku. Ndani kulikuwa na ile mashine ya mkono, chuma kizito chenye mpini mrefu, na kando yake ubao uliochongwa matundu mawili. Tundu la kwanza lilikuwa na kalibu, chuma cha mviringo kilichotobolewa katikati, ambamo ganda hubanwa ili lirudie umbo lake. Kilikuwa kimepakwa mafuta, kinang'aa. Tundu la pili lilikuwa tupu. Ndani yake hakukuwa na vumbi.

"Muulize kalibu hizi mbili zilikuwa za nini."

Mzee alikionyesha kile kilichokuwepo, kisha lile tundu tupu, na safari hii maelezo yake yakawa marefu. Jethro alianza vizuri.

"Anasema ganda likipigwa hutanuka kwa joto. Kalibu hii iliyopo hubana mwili mzima, kutoka shingoni mpaka chini. Ndiyo ya bunduki ya kujipakia. Ile isiyokuwepo hubana shingo peke yake, yatosha kwa ile ya komeo, na ganda hudumu zaidi. Ukilibana shingo tu, ukalitia kwenye ile ya kujipakia, mbili zinaweza kuingia kwa bahati, ya tatu..."

Jethro akamgeukia mkwe wake bila kumtazama usoni na kumwuliza kitu, haraka haraka. Mzee akajibu neno moja. Jethro akauliza tena.

Odero akainua kichwa kutoka kwenye daftari. "Mimi sijauliza kitu. Wewe umemwuliza nini?"

"Nimemwambia arudie. Ni maneno ya ufundi, Bwana Inspekta, yananichanganya."

"Na ya tatu inafanya nini?"

"Inakwama," Jethro akasema. Alikuwa anatazama ile risasi kwenye leso kama mtu aliyeelezwa, baada ya kuhangaika sana, kwa nini ng'ombe wake alikufa.

Odero akaishika risasi. Shingo yake ilikuwa inang'aa kama bangili mpya, lakini mwili ulikuwa mweusi mweusi wa moshi wa zamani, haujaguswa na kalibu. Maganda mawili matupu yalikuwa vivyo hivyo. Mtu alikuwa amebana shingo tu. Na ukingoni mwa ile shingo, pale kichwa kilipochomekwa, kulikuwa na unga mweupe, laini.

"Na unga huu?"

Nehemiah hakungoja Jethro amalize. Alitikisa kichwa kukubali, akazungumza.

"Anasema unga ni wake. Ni wa mawe ya Tabaka, yale yanayochongwa vinyago. Bwana Miwani alikuwa anapaka maganda mafuta ya nguruwe yasigande ndani ya kalibu. Yeye ni Msabato, nguruwe hagusi hata kwa kijiti. Akaleta unga wa mawe kutoka nyumbani. Bwana akacheka, lakini akaona unafaa. Ila unafaa shingoni tu. Kubana mwili mzima unga hautoshi, yeye alipaka samli."

"Kwenye ganda hili hamna samli."

"Anasema ndiyo, hamna. Ndiyo maana si yake."

"Hiyo ni hadithi nzuri sana, afande," Opondo akasema, "lakini mtu mwerevu anaweza kukosea kwa makusudi, ili tuseme si yeye."

Jethro akamtafsiria mzee hata hilo, kwa utiifu. Mzee akamtazama konstebo aliyefungwa naye, akajibu kwa upole, na Jethro akasema: "Anauliza, mtu gani anakosea makusudi ili bunduki imkwamie mkononi na watu wanakuja?"

Opondo akajikuna shingo kwa mkono wake ulio huru. Mkono wa mzee ukapanda naye.

Odero akatembea mpaka mwisho wa ua, akarudi. Mawingu ya mchana yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Manga. Alikuwa na kalibu sahihi mbele yake, na ganda lililobanwa kwa kalibu isiyo sahihi. Mwenye panga kali nyumbani hakati kuni kwa kisu cha mezani. Aliyejaza risasi zile hakuwa na uchaguzi, au hakujua kuna uchaguzi. Alilifungua sanduku hili, akakuta kalibu mbili, akachukua aliyoizoea. Akakuta vichwa vya namna mbili, akachukua alivyovizoea. Na alijua unga. Unga huo ndio uliomzuia, kwa sababu haukuwa ujuzi wa kitabuni. Ulikuwa ujuzi wa meza ya Nehemiah. Ama ni Nehemiah, ama ni mtu aliyesimama kando ya Nehemiah. Kwa mkubwa wa Kisii nusu ya pili ya sentensi hiyo haikuwa na maana bila jina.

"Mwambie anionyeshe," akasema. "Ajaze ganda moja hapa hapa, bila baruti, bila fataki. Ajaze la bunduki ya kujipakia. Nikiona mkono wake nitajua."

Jethro akatafsiri. Mzee akautazama mpini wa mashine, mikono yake ikafunguka kidogo kama inayotaka kuushika. Kisha akairudisha nyuma.

"Anakataa," Jethro akasema.

"Anakataa nini?"

"Anasema leo ni Sabato. Hafanyi kazi."

Opondo akafoka: "Mzee, kamba ya serikali haina Sabato!"

"Mzee Nehemiah," Odero akasema, na sauti yake ikapanda, "una siku moja na nusu. Nimekuja hapa kinyume cha matakwa ya mkubwa wangu. Ukiugusa huo mpini, huenda Jumatatu ukalala kwako. Usipougusa, mimi sina la kumpelekea mtu."

Safari hii mzee hakungoja mkalimani. Akazungumza Kiswahili chake cha shamba, cha miaka kumi na mitano ya amri za Mzungu.

"Bwana. Mimi hapana shika chuma siku ya Sabato. Bwana Miwani alisema: Nehemia, mimi taongeza mshahara. Mimi nasema hapana. Alisema: mimi tafukuza wewe. Mimi nasema fukuza. Yeye hapana fukuza. Wewe nyonga, basi nyonga."

Odero akayarudia maneno hayo moyoni: siku ya Sabato, hapana.

Alirudi kwenye sanduku, akapiga magoti, akaanza kutoa kila kitu: kopo la vichwa vilivyochongoka, kopo lingine la vichwa butu ambalo lilikuwa limebaki na viwili tu, brashi, mizani ndogo. Chini kabisa, chini ya gazeti lililoliwa na mende, kulikuwa na kadi za shabaha zenye matundu ya risasi. Alikuwa ameziona wiki iliyopita, hakuzijali. Sasa alizipanga kama karata. Bwana Miwani alikuwa mtu wa mpango: kila kadi ilikuwa na tarehe, siku na bunduki iliyotumika. Kadi thelathini na moja, na zote thelathini na moja zilikuwa za Jumamosi. Zote, bunduki ya komeo.

"Muulize," akamwambia Jethro bila kuinua macho, "Jumamosi Bwana alikuwa akifanya nini?"

"Anasema Jumamosi Wazungu walishindana shabaha klabuni. Bunduki ya komeo tu ndiyo iliruhusiwa. Ile ya kujipakia ilikuwa ya nguruwe pori kwenye mahindi, siku za katikati ya wiki."

"Na shabaha ya siku nzima inakula risasi nyingi. Zikiisha mchana, lazima zijazwe zingine." Odero akasimama taratibu, kadi mkononi. "Nehemiah yuko kanisani. Kwa hiyo kulikuwa na mtu wa pili. Mtu aliyefundishwa kujaza ya komeo peke yake, kwa sababu siku yake ilikuwa Jumamosi peke yake. Anajua unga. Anajua shingo. Anajua kichwa butu. Samli hajapata kuiona. Mtu mwenye nusu ya ujuzi, na hajui kuna nusu nyingine." Akamgeukia Jethro. "Muulize mzee swali moja. Jumamosi, nani alimjazia Bwana risasi?"

Jethro aliigeuza kofia magotini. Kisha akasema kwa Ekegusii, sauti ya chini, na maneno yalikuwa mengi kuliko ya swali.

Nehemiah alitazama nyasi. Nyimbo zilikuwa zimekoma kule bondeni, mtu mmoja alikuwa akiomba. Mzee akajibu kifupi.

"Anasema Bwana alijijazia mwenyewe," Jethro akasema.

Jikoni kitu kilianguka, kikavunjika. Na Bosibori akatoka.

Alikuwa mama mwembamba, mrefu, kitambaa cheupe cha kanisani kichwani, unga wa wimbi mikononi. Hakuzunguka nyuma ya nyumba. Alivuka ua wazi wazi, akapita kati ya polisi na mumewe, akaenda akasimama mbele ya Jethro Nyangau umbali wa hatua mbili na kumtazama machoni. Jethro aliruka kutoka kitini kama aliyemwona nyoka, akajifunika uso kwa kofia, akageukia lango. Nehemiah alitoa mlio kooni, kama mtu aliyejikata. Miaka kumi na miwili, na jambo hilo halikuwa limetokea.

"Hakuuliza," Bosibori akasema. Alisema kwa Kiswahili, Kiswahili kizuri cha sokoni, cha mwanamke aliyeuza ndizi stesheni na mashambani kwa Wazungu tangu akiwa msichana. "Bwana Polisi, swali lako hakuliuliza. Amemwambia mzee hivi: 'Kemuma ana watoto watano. Ukinitaja, nani atawalisha?' Na mzee amejibu: 'Nimesikia.' Hayo tu."

Odero alimtazama Jethro. Kofia ilikuwa bado usoni. Mtu yule alikuwa ametafsiri mbele ya nyumba ile asubuhi nzima bila wasiwasi wowote, kwa sababu hakuwa amewahi kuongea na mama mkwe wake hata neno moja, na hivyo hakujua kwamba mama huyo anakijua Kiswahili na anaweza kumfichua kwa polisi.

"Mama," Odero akasema polepole, "Jumamosi nani alikuwa anajaza?"

"Huyu hapa. Alikuwa karani wa maziwa pale kwa Bwana Miwani. Kijana safi, anajua kuandika. Mzee wangu ndiye alimfundisha, ili Bwana asimsumbue siku ya Mungu. Ndivyo alivyomjua binti yetu."

"Mama huyu amechanganyikiwa kwa sababu ya mumewe," Jethro akasema kwa lango. Sauti ilikuwa ya ofisini. "Kujaza risasi miaka kumi iliyopita si kuua mtu. Andika hivyo, Bwana Inspekta."

"Nitaandika. Na swali langu, mbona hukulitafsiri?"

Jethro akaikaza kofia usoni.

Bosibori akaingia jikoni, akatoka na kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Alikishika kwa mikono yote miwili, kama mtu anayebeba kifaranga. "Juzi Alhamisi Kemuma alikuja. Alikuwa anachota wimbi kwenye chungu, mkono ukagonga hiki. Akaniuliza, mama, hiki chuma cha baba kimefikaje kwangu? Nikamwambia niachie. Nimelala nacho siku mbili." Akavuta pumzi. "Mwezi uliopita mumewe alikuwa amemtuma kuniomba unga wa mawe. Alisema ni wa vipele vya joto vya mtoto. Nikampa kikombe kizima, kwa mkono wangu huu."

Odero akalifungua jani. Kilikuwa chuma cha mviringo kilichotobolewa katikati, hakijapakwa mafuta, punje mbili za wimbi zimenasa mdomoni. Akapiga magoti, akakiweka kwenye lile tundu tupu la ubao. Kiliingia mpaka chini, kimya, kikatulia kando ya mwenzake.

Akachukua lile ganda jeusi lililokwama, akalisogeza mdomoni mwa chuma. Shingo iliingia na kukazika pale pale mng'aro ulipoishia.

"Opondo."

"Afande."

"Badilisha pingu."

Opondo alimfungua mzee, akamwendea naibu wa chifu pale langoni, akamfunga mkono wa kulia na kujifunga mwenyewe wa kushoto. "Haya, naibu," akasema, bila furaha yoyote. "Ukikimbia, nami nakimbia." Jethro akatoa mkono kama mtu anayetoa mkono kwa sindano. Alitaka kusema jambo, akageuka nusu, akakumbuka nani amesimama nyuma yake, akarudisha uso kwenye lango.

"Bunduki iko wapi?" Odero akauliza.

Jethro akaliambia lango: "Darini. Ofisi ya kambi ya chifu. Niliificha Bwana alipokuwa anahama."

"Na Okemwa?"

"Alikuwa anipeleke kwa watu wa ramani wiki ile, kwa kusogeza mpaka. Hatua sita za ardhi, Bwana Inspekta. Hatua sita tu."

Odero akaandika yote, akafunga daftari, akafunga sanduku. Nehemiah alikuwa ameketi kwenye kile kigoda, anasugua kifundo cha mkono uliokuwa na pingu. Hakuwa na uso wa mtu aliyeokoka.

"Mzee, nitakuhitaji kortini ueleze haya ya kalibu. Jumatatu."

"Jumatatu siku ya kazi," mzee akasema. "Mimi takuja."

Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kupiga majani ya migomba. Bosibori alijitanda leso mabegani, akatoka langoni, akashika njia ya kuteremka kwa Kemuma, kilomita nane za utelezi. Kesi ya Odero ilikuwa imekwisha, lakini mtu alitakiwa afike kule kabla ya Landrova, kabla ya majirani.

Odero akasimamisha gari kando yake, akafungua mlango wa mbele. "Mama, panda. Mvua inakuja. Tunapita huko huko."

Bosibori alitazama nyuma ya gari, mahali Jethro alipokuwa ameinamisha kichwa kati ya magoti, kisha akateremka mtaroni na kuigeuzia njia mgongo, kama inavyotakiwa.

"Nendeni tu," akasema. "Humo ndani yumo mkwe wangu. Siwezi kupanda gari moja na yeye."